Sanduku na Funguo Zake: Historia Fupi ya Mikopo ya Huduma, kutoka Leisnig hadi Mlima Meru

Utangulizi

Mchungaji anapotoka chuoni na kupangiwa usharika, hukutana na mambo aliyofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa. Mojawapo la hayo ya pili ni mkopo. Baraza la wazee limekaa. Ajenda ni ujenzi wa chekechea, au zahanati, au nyumba ya wageni ambayo mapato yake yatatunza watoto yatima. Misaada ya marafiki wa ng'ambo imepungua. Ndipo mzee mmoja anasimama na kueleza kwamba benki imekubali, hati ya kiwanja ipo, na linalosubiriwa ni sahihi tu. Afanye nini?

Katika makala haya hatukusudii kutoa jibu la mhasibu. Tunakusudia kuuliza swali la historia: je, Kanisa limewahi kukopa na kukopesha kwa ajili ya huduma, na lilipofanya hivyo lilijifunza nini? Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni geni, kwamba limeingia kwetu pamoja na mabenki ya soko huria. Sivyo. Mkopo wa huduma ulikuwako katika mwaka wa sita wa Matengenezo ya Kanisa, na uliandikiwa kanuni ambazo Luther mwenyewe alizitolea utangulizi. Kutoka huko tutafuata njia ndefu hadi kwenye migomba na mibuni ya Mlima Meru, na kurudi kwenye meza ya baraza la wazee. Hoja yetu ni moja: mkopo huwa huduma pale ambapo wale watakaoulipa wameshika ufunguo wa sanduku, na huwa mzigo pale ambapo wanaitwa kulipa deni wasilolijua.

1. Maandiko na Luther

Torati inazungumza juu ya mikopo bila kuficha. Kutoka 22:25 na Mambo ya Walawi 25:35-37 zinakataza kumtoza riba ndugu aliye maskini, na Kumbukumbu la Torati 15 inaamuru maachilio ya madeni kila mwaka wa saba. Yafaa tuangalie vizuri: Torati haikatazi kukopesha. Kinyume chake, inamwonya mwenye mali asifunge mkono wake kwa kuwa mwaka wa maachilio u karibu. Kosa lililolaaniwa ni kuifanya shida ya ndugu kuwa shamba la kuvuna.

Katika Nehemia 5 tunaona sheria hiyo ilivyovunjwa. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, na wengine walikwisha kuwatia watoto wao utumwani. Nehemia aliwakemea wakuu mbele ya mkutano mkubwa. Lakini mara nyingi wahubiri hupita haraka juu ya aya ya 10, ambapo Nehemia anakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha. Matengenezo yalianza kwa kiongozi kujihesabu miongoni mwa wakopeshaji.

Luther aliandika juu ya riba mara kadhaa. Mahubiri yake mafupi yalitoka 1519, na marefu zaidi 1520. Mwaka 1524 aliandika juu ya biashara na riba, na mwaka 1540, akiwa mzee, aliwaandikia wachungaji akiwataka waihubiri vita dhidi ya riba, hata kuwanyima wala riba sakramenti kama hawatubu. Wengi wetu tunajua ukali huo. Lisilojulikana sana ni hoja aliyoitoa 1520 juu ya mkataba wa siku zile ambao mwenye fedha alinunua mapato ya kila mwaka ya shamba la mwingine. Luther hakuukataa moja kwa moja. Alitaka uhusu shamba lililotajwa wazi, na alitaka mwenye fedha abebe hatari pamoja na mwenye shamba: mvua ya mawe ikipiga, au mafuriko yakija, hasara iwe ya wote wawili. Waliokula asilimia saba, nane, tisa au kumi huku wakijikinga na kila hatari, aliwaona kuwa wanyang'anyi. Kwa Luther, basi, swali la kwanza halikuwa kiasi cha riba peke yake. Lilikuwa: hasara ikitokea, nani ataibeba?

2. Sanduku la Leisnig, 1523

Leisnig ni mji mdogo wa Saksonia, upande wa kusini-mashariki wa Leipzig. Usharika wa hapo ulipokubali Injili, ulikabiliwa na jambo la vitendo kabisa. Misa za wafu zilizolipiwa na matajiri zilikuwa zimekoma, na mali zilizowekwa wakfu kwa ajili yake zilibaki bila kazi. Nani azitunze, na zimtumikie nani? Mwaka 1523 usharika uliandika kanuni za sanduku la pamoja, na Luther akazitolea utangulizi na kuzichapisha ili miji mingine ijifunze.

Kanuni hizo zastahili kusomwa na kila mtunza hazina wa usharika. Wasimamizi walikuwa kumi, wakichaguliwa kila mwaka: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka halmashauri ya mji, watatu raia wa mji, na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku liliwekwa kanisani mahali palipo salama, nalo lilikuwa na kufuli nne na funguo nne tofauti, kila kundi likishika ufunguo wake. Kwa hiyo kabaila hakuweza kulifungua bila mkulima, wala halmashauri bila raia. Wasimamizi walikutana kila Jumapili, wakaandika mambo yao katika vitabu, na mara tatu kwa mwaka walitoa hesabu mbele ya mkutano wa usharika wote.

Fedha zilitumika kumlipa mchungaji, kuendesha shule, kutengeneza majengo, kuweka akiba ya nafaka kwa ajili ya njaa, na kuwatunza wazee, wagonjwa na yatima. Pamoja na hayo, sanduku lilikopesha. Fundi au mchuuzi aliyekwama kwa sababu ya shida aliweza kupewa fedha za kumrudisha kazini, naye azirejeshe kwa muda uliopangwa. Na yule ambaye kweli alishindwa kabisa, deni lake lilisamehewa kwa ajili ya Mungu. Hapa tunakuta, katika chumba kimoja cha kanisa, sadaka, mkopo na msamaha wa deni vikikaa pamoja bila kugombana.

Hata hivyo hatuna ruhusa ya kuipamba historia. Mpango wa Leisnig haukwenda ulivyoandikwa. Halmashauri ya mji ilikataa kukabidhi mali zilizokuwa mikononi mwake, na Luther alilalamika bila kupata alichotaka. Kanuni zilikuwa njema, lakini mmoja wa washika funguo hakukubali kuweka mali sandukuni. Kufuli nne huzuia wizi. Haziwezi kuleta nia njema mahali isipokuwepo.

3. Raiffeisen na Schulze-Delitzsch

Karne tatu baadaye, Ujerumani ilipata tena njaa. Katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 meya kijana wa Weyerbusch, Friedrich Wilhelm Raiffeisen (1818-1888), Mkristo wa Kiprotestanti, aliwakusanya wenye uwezo wa kata yake wachange fedha za kununulia unga na kuoka mikate, wakulima wapewe kwa mkopo. Baadaye, huko Flammersfeld na Heddesdorf, aliendelea na vyama vya namna hiyo: matajiri walitoa fedha na dhamana, maskini wakakopa. Lakini matajiri walichoka. Hisani iliyotegemea moyo wa wachache ilipoa kadiri njaa ilivyosahaulika.

Mwaka 1864 Raiffeisen alianzisha huko Heddesdorf chama cha mikopo cha aina nyingine, ambamo wakopaji wenyewe walikuwa wanachama. Eneo la chama lilikuwa dogo, ili watu wafahamiane. Viongozi hawakulipwa mshahara. Faida haikugawanywa bali iliingia katika akiba ya chama isiyogawanyika. Na wanachama wote waliwajibika kwa deni la chama kwa mali zao zote. Sharti hili la mwisho linatisha, nalo ndilo lililofanya kila mwanachama asome hesabu kwa macho mawili. Mtu hamdhamini jirani yake kwa shamba lake bila kujua jirani huyo anakopa nini, kwa kazi gani.

Wakati huohuo Hermann Schulze (1808-1883), mwanasheria wa mji wa Delitzsch, aliwaandalia mafundi wa mjini vyama vya namna yake. Chama chake cha mikopo kilianza 1850, kwa msingi wa hisa na kujitegemea bila hisani. Wawili hawa walibishana kwa muda mrefu, mmoja akisisitiza upendo wa Kikristo kwa jirani, mwingine akisisitiza nguvu ya mtu kujisaidia mwenyewe. Lakini walikubaliana kwamba mkopaji lazima awe mwenye chama.

Delitzsch iko jirani na Leipzig, na kutoka Leipzig walitumwa wamisionari waliofika Kilimanjaro 1893. Hatudai kwamba walileta vyama vya mikopo, hawakuvileta. Wazo la Raiffeisen lilitufikia kwa mzunguko wa ajabu. Waingereza walilichunguza kwa ajili ya wakulima wa India, wakatunga huko sheria ya vyama vya mikopo ya 1904, kisha wakabeba sura ya sheria hiyo hadi katika makoloni yao mengine. Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka 1932.

4. Mlima Meru: ng'ombe, kahawa na mchango

Injili ilifika Meru kwa damu. Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902. Historia hiyo imeandikwa na wengine. Sisi tunauliza juu ya mali: wakulima wa mlimani walikopeshanaje kabla ya benki?

Katika milima ya Meru na Kilimanjaro kulikuwa na desturi ya kuweka ng'ombe kwa jirani. Mwenye mifugo mingi alimpa ng'ombe mtu asiye nayo. Mfugaji alikunywa maziwa na kupata samadi ya migomba. Mwenye mali alibaki na ng'ombe na uzao wake. Mnyama akifa kwa ugonjwa, mfugaji alitoa taarifa na kuonyesha mzoga, wala hakudaiwa. Hasara ya kifo ilikuwa ya mwenye ng'ombe, na hasara ya maziwa ilikuwa ya mfugaji. Luther angeutambua mkataba huo mara moja, maana ndani yake hatari imegawanywa.

Kisha ikaja kahawa, na pamoja nayo fedha. Wachaga walianza chama chao cha wakulima mwaka 1925, na muungano wa vyama vyao, KNCU, ukaandikishwa 1933. Upande wa Meru nako wakulima waliingia katika kahawa na ushirika. Lakini vyama hivi vilikuwa vya kuuza mazao kuliko kukopeshana. Sheria ya kikoloni ilibana mikopo kwa Waafrika, kwa maelezo kwamba inawalinda na madeni ya wafanyabiashara. Tena kihamba, ambacho ndicho mali kubwa ya familia, kilikuwa cha ukoo na hakikuwa na hati ambayo benki ingeikubali. Hivyo mtu wa Meru aliingia karne ya ishirini akiwa na shamba, zao na ushirika, lakini mlango wa mkopo ukiwa umefungwa.

Alichokuwa nacho ni mchango, na mchango ulifanya makubwa. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao ipewe walowezi. Wananchi walijichangia fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuitetea ardhi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiana na mwanasheria Earle Seaton. Kabila la wakulima lilimsafirisha mtu wao hadi kwenye baraza la dunia kwa senti zilizokusanywa nyumba kwa nyumba.

Kanisa nalo lilijengwa vivyo hivyo. Wamisionari wa Kijerumani walipofukuzwa 1920, na tena Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa, sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Waliendelea kwa kahawa, ndizi, mayai na kuku vilivyoletwa madhabahuni.

Tunalisema hili kwa sababu lina uzito katika mambo yajayo. Mkristo wa Meru na Arusha amelelewa katika mchango. Mchango huisha siku unapotolewa. Aliyetoa huenda nyumbani akiwa huru. Mkopo huanza siku unapopokelewa. Ni viumbe viwili tofauti, nasi tumekuwa wepesi kumtendea wa pili kana kwamba ni wa kwanza.

5. Azimio na miaka ya serikali

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Wengi wanakumbuka ujamaa na miiko ya viongozi. Lakini sehemu ndefu ya Azimio inahusu fedha: inaonya taifa maskini lisiitegemee fedha kuwa silaha yake, na inaeleza hatari ya misaada na mikopo ambayo taifa halina uwezo wa kuirudisha bila kuumia. Ni onyo ambalo baraza lolote la wazee lingeweza kulisoma kabla ya kupiga kura. Mabenki yalitaifishwa mara baada ya hapo, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa.

Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika na kuweka mamlaka za mazao mahali pake. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini wanachama hawakuviona tena kuwa vyao. Walikuwa wamenyang'anywa ufunguo mara moja, na mtu aliyenyang'anywa ufunguo huacha kuuliza kilichomo sandukuni. Sheria ya ushirika ya 1991 ilijaribu kuvirudisha vyama kwa wanachama, na mwaka huohuo sheria ya mabenki ilifungua mlango kwa benki za binafsi. Hapo ndipo Kanisa letu lilipoingia katika zama mpya.

6. Makanisa ya dunia yanapokopesha

Kabla ya kuzieleza zama hizo, yatupasa kutaja vyombo viwili vya kiekumene. Mwaka 1946, huko Geneva, ulianzishwa mfuko wa mikopo wa makanisa unaojulikana kwa kifupi ECLOF, kusaidia makanisa ya Ulaya yaliyobomolewa na vita yajijenge upya. Baadaye mfuko ulizielekea nchi za Kusini, na kutoka majengo ya ibada ukageukia wakulima na wachuuzi wadogo.

Cha pili kilitokana na dhamiri iliyosumbuka. Baada ya mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika Uppsala 1968, makanisa tajiri yaliulizwa akiba zao zimewekwa wapi, wakati fedha za dunia zilikuwa zikilisha vita vya Vietnam na ubaguzi wa Afrika Kusini. Mwaka 1975 ukaanzishwa nchini Uholanzi ushirika wa kiekumene wa maendeleo, EDCS, ambao tangu 1999 unaitwa Oikocredit. Makanisa na Wakristo wananunua hisa, na fedha zinakopeshwa vyama vya ushirika na taasisi za maskini. Kwa miaka mingi gawio la wenye hisa halikuzidi asilimia mbili. Mwenye hisa alikubali kupata kidogo ili mkopaji apate nafasi. Huo ndio tunaouita leo uwekezaji wa kijamii: fedha inayotarajiwa kurudi, lakini haijifanyi kuwa bwana.

Katika nchi yetu wazo hilo lilivaa ngozi ya ng'ombe. Shirika la Heifer, lililoanzishwa Marekani 1944 na Dan West wa Kanisa la Brethren, lilifika Tanzania katika miaka ya 1970, na nyanda za Kilimanjaro na Arusha zikawa miongoni mwa mahali pa kazi yake, Kanisa likiwa mshiriki. Watu waliuita mpango huo kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia inapewa mtamba. Ndama jike wa kwanza anakwenda kwa familia nyingine. Mpango ulieleweka upesi, maana babu zao walikwisha kuujua. Tofauti ni kwamba sasa deni halirudi kwa mwenye mali bali linakwenda mbele kwa jirani, na aliyekuwa mpokeaji anakuwa mtoaji mbele ya macho ya kijiji.

7. Baada ya 1991

Miaka ya 1990 ilileta Arusha taasisi za mikopo midogo, mojawapo ikiwa PRIDE Tanzania iliyoweka makao yake humo na kukopesha watu katika vikundi vya kudhaminiana. Sharika na dayosisi zilianzisha SACCOS. Baadaye Kanisa letu lilithubutu zaidi: Dayosisi ya Kaskazini ilianzisha Benki ya Uchumi huko Moshi mwaka 2005, na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ikawa chimbuko la Benki ya Maendeleo, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2013 baada ya kuwauzia wananchi hisa.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa sababu mitaji yao ilikuwa chini ya kiwango cha sheria. Mojawapo ilikuwa Benki ya Jamii ya Meru, hapa Arusha. Nyingine ilikuwa Benki ya Efatha, iliyotokana na huduma ya Kikristo yenye jina hilo. Waweka akiba waliambiwa wasubiri Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo ilimhakikishia kila mmoja kiasi kisichozidi shilingi 1,500,000. Jina la jamii au la huduma halikuongeza hata shilingi moja kwenye mtaji. Hili si la kucheka, kwa sababu waliosimama mlangoni ni wakulima na wachuuzi walioamini kwamba benki ya kwao haiwezi kuanguka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 magazeti yaliandika pia juu ya deni la hoteli ya kanisa mjini Arusha, lililohesabiwa kwa mabilioni ya shilingi, na juu ya washarika kuombwa michango ya kulilipa. Hatuandiki ili tumhukumu mtu. Waliojenga walitaka Kanisa lijitegemee, na nia hiyo ni njema. Lakini tazama kilichotokea. Mkopo uligeuka kuwa mchango. Bibi aliyezoea kuleta ndizi madhabahuni aliombwa kulipa deni la benki ambalo huenda hakusikia likijadiliwa. Yeye hakuwa mwanachama wa Heddesdorf aliyesoma hesabu kabla ya kudhamini. Alikuwa mdhamini asiyejua kwamba ni mdhamini. Dhamana ya kweli ya mkopo wa dayosisi au usharika haiko katika hati ya kiwanja. Iko katika sadaka ya kesho, yaani katika imani ya watu. Ndiyo maana deni likiharibika halipunguzi fedha tu, bali linapunguza neno la mhubiri.

Wakati huohuo, chini ya migomba, sanduku la Leisnig limerudi bila mtu kulialika. VICOBA vilitokana na kazi iliyoanzishwa na shirika la CARE miongoni mwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na vikaenea Tanzania tangu mwanzo wa karne hii. Wanachama kati ya kumi na tano na thelathini wanakutana kila juma, wananunua hisa, wanakopeshana, na wanatenga mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Na sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu mbalimbali, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Wanawake wanaokutana hivyo baada ya ibada hawajasoma kanuni za 1523. Wamegundua tena jambo lilelile, kwa sababu shida ni ileile.

Wasio na sanduku kama hilo wanaangukia mahali pengine. Ipo mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu: fedha za haraka, riba kubwa, marejesho ya kila siku au kila juma, na asiyelipa hubebewa kitanda na televisheni. Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili kuwadhibiti wakopeshaji, lakini sheria haiingii kila uchochoro. Wanaokopa huko ni washarika wetu. Nehemia 5 haisomwi Arusha kama historia ya kale.

8. Hitimisho

Turudi kwenye meza ya baraza la wazee, ambapo sahihi inasubiriwa. Historia hii haimwambii mchungaji akatae kila mkopo. Sanduku la Leisnig lilikopesha, na ECLOF ilijenga makanisa yaliyobomoka. Kuogopa mkopo kabisa kungekuwa kuzika talanta ardhini. Lakini inampa maswali ya kuuliza kabla ya kushika kalamu.

La kwanza: nani ameshika ufunguo? Kama watakaolipa ni washarika, basi mkutano wa usharika usikie kiasi, riba, muda na dhamana, kwa lugha inayoeleweka, na uwe na uwezo wa kusema hapana. Mtume Paulo, alipobeba changizo la makanisa, alitembea na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Kama Paulo hakujiamini peke yake na mfuko, sisi ni nani?

La pili: mvua ya mawe ikipiga, hasara ni ya nani? Kama jibu ni kwamba benki haipotezi chochote, kamati haipotezi chochote, na maskini wa usharika ndio watakaochangishwa, mkopo huo Luther alikwisha kuupa jina.

La tatu: tumehesabu gharama? Bwana wetu alitaja mtu anayejenga mnara (Luka 14:28-30), na aliyechekwa katika mfano huo alikuwa na nia njema. Hesabu iwe ya mapato ya kweli ya mradi, bila kuhesabu michango ambayo watu hawajaahidi.

Nasi wa chuo tunalo la kukiri, kama Nehemia alivyojihesabu. Tumewafundisha wanafunzi Kiyunani na historia ya mafundisho ya Kanisa, lakini ni wachache waliotoka wakijua kusoma mizania ya hesabu au mkataba wa rehani. Sanduku la Leisnig lilikuwa kanisani, si nje yake. Mchungaji hatakiwi kuwa mwenye benki, wala asishike funguo zote. Anatakiwa ahakikishe kwamba mkulima anao wake, na kwamba siku ya kulifungua sanduku ameitwa.